Kutoka Dodoma hadi juu ya miti ya Manyara: panga safari kuanzia mwisho

Wengi wanaotoka Dodoma kwenda kwenye daraja la juu ya miti la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara hukosea mahali pamoja: wanaipanga safari kuanzia Dodoma. Wanaondoka saa 12 asubuhi, wanakula Babati, wanafika langoni saa 8 mchana jua likiwaka. Darajani wanapita kwa robo saa, wanapiga picha, wanageuza. Saa hizo kima wamejilaza kivulini, ndege wamenyamaza, na miguu bado imekufa ganzi kwa kukaa garini. Kisha wanarudi wakisema hakuna kitu kule.

Panga kinyume chake. Chagua kwanza saa unayotaka kuwa juu ya miti, halafu hesabu ukirudi nyuma mpaka saa ya kufunga mlango wa nyumba yako. Saa nzuri ni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Maana yake ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo unalala mji wa Mto wa Mbu, ulio jirani na lango la hifadhi, na safari ya kutoka Dodoma ni kazi ya siku iliyotangulia. Ni safari ya siku mbili. Ukitaka kuibana iwe siku moja, afadhali usubiri wikendi nyingine.

Kwanza, habari ya taa

Zile picha zinazozunguka kwenye simu, za madaraja yanayoning'inia msituni usiku huku kandili kubwa za rangi zikiwaka kati ya miti, nyingi zinatoka Rotorua, New Zealand. Huko madaraja yamefungwa kwenye msitu wa miti mirefu ya redwood iliyopandwa na watu, na hakuna tembo wala nyati anayepita chini yake. Daraja la Manyara liko ndani ya hifadhi yenye wanyama wakali, kwa hiyo ni la mchana. Mwanga wake ni jua la asubuhi linalopenya kwa ubavu kati ya majani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi: saa 6 jua likiwa utosini, msitu wote unakuwa na rangi moja na picha zinatoka na mabaka meupe.

Usiku nao una mambo yake, na tochi ya bei ndogo inatosha. Tutafika huko.

Daraja lenyewe na msitu wake

Daraja lilifunguliwa 2017, la kwanza la aina yake Tanzania. Lina urefu wa mita 370, na pale juu kabisa unakuwa mita 18 kutoka ardhini, kimo cha nyumba ya ghorofa sita hivi. Si daraja moja. Ni vipande vingi vya kuning'inia vinavyounganisha majukwaa yaliyojengwa kuzunguka vigogo vya miti. Unaanzia karibu na ardhi na kupanda kidogo kidogo, jambo linalomsaidia sana mwenye hofu ya kimo.

Mtu aliyezoea mibuyu na migunga ya Dodoma hushangaa kukuta msitu wa kijani kibichi mwezi wa Oktoba, wakati kwao hata jani la kumpa mbuzi ni la kutafuta. Mvua ya hapo si sababu. Maji ya mvua za nyanda za juu za Ngorongoro na Mbulu huzama kwenye miamba ya volkano yenye vitundu, hutembea chini kwa chini, na kuibuka kama chemchemi kwenye kitako cha ukuta wa Bonde la Ufa. Mizizi inakunywa mwaka mzima. Ndiyo maana unaweza kwenda mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, ukapata yote mawili: barabara kavu na msitu mbichi. Machi hadi Mei ni masika. Mbao zinateleza, radi ni nyingi, na kukiwa na ngurumo hupaswi kuwa juu ya nyaya za chuma hata kama umeshalipa.

Hesabu ya barabara

Dodoma hadi Babati kwa njia ya Kondoa ni kilomita 251, lami tupu. Babati unashuka hadi Makuyuni, hapo unaiacha barabara ya Arusha na kukata kushoto. Kilomita 37 hivi zinakufikisha Mto wa Mbu. Jumla ni kama kilomita 380. Kwa gari dogo na dereva anayeheshimu vibao, weka saa sita hadi saba bila vituo virefu. Usiweke tano. Vijiji vimefuatana, kila kimoja na kibao chake cha 50, na tochi ya kwanza utakayokutana nayo safari hii si yako, ni ya trafiki. Faini mbili tu zimeshakula hela ya chakula cha mchana cha familia.

Kwa basi, panda la Arusha stendi kuu, lakini kabla ya kukata tiketi uliza: linapita Kondoa au linazungukia Singida? Njia ya Singida ni ndefu mno kwa safari hii. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Makuyuni, na mkumbushe mkishapita Minjingu. Ukilala usingizi utaamkia Arusha, kilomita 80 mbele. Makuyuni kuna magari madogo ya kwenda Mto wa Mbu na Karatu. Fika pale kabla ya saa 11 jioni, maana jua likizama magari yanapungua na bei inapanda.

Msafiri wa basi ana tatizo moja ambalo mwenye gari hana: kutoka langoni hadi darajani huruhusiwi kujiendea kwa miguu peke yako, hata kama si mbali. Hiyo ni njia ya tembo. Jioni ukifika Mto wa Mbu, kabla hujaoga, panga usafiri wa kesho na waongoza watalii wa mjini au na wanaoendesha shughuli za daraja. Ukingoja mpaka asubuhi utakuta magari yote yameshaondoka na wageni wao.

Kolo, katikati ya njia

Kwa kuwa siku ya kwanza ni ya barabarani, itumie. Kolo iko mbele kidogo ya Kondoa, karibu nusu ya safari, na michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Hapa unapata matembezi ya msituni ya kweli: njia ya mguu, mwinuko, mawe, na kivuli cha miombo. Miguu inanyooka, na mwili unajiandaa kwa kesho.

Simama kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo. Hapo unajiandikisha, unalipa na kupewa mwongozaji. Usipite moja kwa moja mlimani hata kama kijana wa njiani anakuhakikishia kwamba anaijua njia. Barabara ya kutoka kijijini kwenda chini ya mlima ni ya udongo, na gari la chini litakwaruza tumbo. Kama una gari la aina hiyo, liache ofisini na uulizie usafiri. Sehemu ya mwisho ni ya kupanda kwa miguu: fupi, lakini kali, yenye changarawe zinazoteleza hasa wakati wa kushuka. Shuka ukiwa umekunja magoti kidogo na kuweka mguu upandeupande. Anayeshuka amenyoosha miguu ndiye anayekaa chini bila kupenda.

Ukiwa kwenye mapango, usiguse michoro, na hasa usiimwagie maji. Ni tabia ya zamani ya kutaka rangi nyekundu ing'ae ili ipigwe picha. Maji yanavuta chumvi za ndani ya jiwe, zinaganda juu ya mchoro kama ukungu mweupe, na hakuna wa kuziondoa. Ukitaka mchoro uonekane vizuri, ukingie kivuli kwa mwili wako au kwa kanga iliyotandazwa, macho yazoee kwa dakika moja. Mistari iliyokuwa kama haipo itaanza kujitokeza: twiga, watu wembamba wenye vichwa vikubwa. Mungomi wa Kolo, miongoni mwa mapango hayo, bado ni mahali pa tambiko kwa wenyeji. Ukikuta vitu vimewekwa pangoni, viache vilivyo, na uliza kabla ya kupiga picha.

Ukiwa juu, tazama mabonde. Vilima hivi vilikuwa vimebaki udongo mwekundu mtupu na makorongo. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye nyanda za juu za Kondoa Irangi, jambo lililowauma wafugaji wengi. Msitu unaopita ndani yake leo umeota wenyewe baada ya hapo, na makorongo ya zamani bado utayaona kutoka barabarani.

Adui wa njia hii ni upupu. Kuanzia Mei hadi mvua zirudi, maganda yake yamekauka na vinyweleo vinapeperuka kwa kuguswa kidogo tu. Usipitishe mikono vichakani. Ukishapata, usikune wala kukimbilia kumwaga maji, maana unavisambaza. Bandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua mara kadhaa, au kandamiza kwa donge la ugali uliopoa, halafu ndiyo uoshe kwa sabuni. Selotepu moja ndogo kwenye begi ina thamani kuliko dawa tatu za kupaka.

Tenga saa mbili na nusu kwa Kolo, si zaidi. Ukitoka Dodoma saa 12 asubuhi unafika saa 3, unaondoka saa 5 na nusu au saa 6, unakula Babati, na unaingia Mto wa Mbu saa 10 jioni na muda wa kupanga mambo ya kesho bado unao.

Kulala na kulipa

Jina Mto wa Mbu si utani. Kagua chandarua kabla ya kukubali chumba: kiinue kwenye mwanga wa simu uone kama kina matundu, hasa pembeni pale kinapochomekwa chini ya godoro. Paka dawa ya mbu tangu saa 12 jioni, vifundoni kwanza. Kuna nyumba za kulala wageni za kila mfuko, na viwanja vya kupiga hema vyenye walinzi.

Kwenye hifadhi za taifa hulipi fedha taslimu getini. Unalipa kwa kadi ya benki au kwa kumbukumbu namba kupitia simu au benki. Hakikisha salio lipo kwenye simu usiku huo, kwa sababu mtandao ukigoma saa 12 na nusu asubuhi foleni yote inasimama. Malipo ni mawili tofauti, na hapa ndipo watu hugombana na makarani bure: kuna kiingilio cha hifadhi (na cha gari), kisha kuna malipo ya daraja lenyewe. Uliza yote mawili kwa simu siku moja kabla, na uliza pia kibali chako ni cha saa ngapi na kama unaweza kutoka na kurudi. Ulizia na saa ya kwanza ya kupanda darajani.

Bei ya Mtanzania ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, lakini lazima uthibitishe uraia: kitambulisho cha NIDA, au pasipoti. Picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu inaweza kukataliwa. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio cha hifadhi. Cheti cha kuzaliwa kinamaliza ubishi wa umri.

Mavazi na begi

Vaa raba au buti zilizokwisha kuzoea mguu. Kandambili na sendo za kuchomeka huvuka mbao moja na kubaki mbao ya pili. Suruali nyepesi ndefu, shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kidevuni. Rangi: khaki, kahawia, kijani kilichofifia. Bluu iliyokolea na nyeusi huvuta mbung'o, na mbung'o anang'ata kupitia shati. Mabaka ya jeshi usiyavae kabisa. Sheria inakataza raia, na "nilinunua mtumbani" haitakusaidia.

Kwa wanaovaa baibui au dera: nguo pana hunasa kwenye wavu wa pembeni na kwenye vichwa vya mbao. Vaa suruali ndani, kisha pandisha pindo na ulifunge kwa kanga kiunoni, au ulibane kwa pini mbili kubwa kila upande, juu kidogo ya kifundo. Mtandio usiache ukining'inia, uchomeke.

Begi liwe la mgongoni, dogo, mikono yote ikae huru. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu kwa asubuhi hiyo, kwenye chupa ya kujaza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo vitafunwa viweke kwenye kikapu au kopo. Simu ivalishwe kamba ya shingoni. Simu ikiponyoka darajani inapita kwenye wavu na kwenda zake, na chini hakuna wa kukuokotea mpaka mwongozaji aridhike kwamba ni salama kushuka.

Chakula kibaki garini, vioo juu, milango imefungwa. Nyani wa Manyara wanajua mfuko wenye ndizi ukoje kwa sura. Akikujia, usimtazame machoni, usimwoneshe meno hata kwa kucheka, maana kwake hayo ni matusi. Akishika kitu, kiachie. Ndizi moja haina thamani ya sindano za kichaa cha mbwa.

Jinsi ya kutembea darajani

Kila kipande cha daraja hulegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Unaanza kwa kushuka, unamaliza kwa kupanda, na katikati ndiko kunakoyumba zaidi. Kuyumba huko hakumaanishi kwamba daraja ni bovu. Nyaya zikikazwa zisitikisike kabisa, mzigo wote unahamia kwenye viungio na kwenye vigogo vilivyozishika. Kulegea ndiko kunakosambaza uzito.

Kuyumba kubwa kunaletwa na watembeaji wenyewe. Watu wawili wakikanyaga kwa mdundo mmoja, kila hatua inaongezea nguvu ya ile iliyotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea. Dawa yake ni rahisi. Acheni nafasi ya hatua nne au tano kati ya mtu na mtu, na wa nyuma akatishe makusudi mdundo wa wa mbele: yeye akikanyaga, wewe inua. Mkigundua daraja limeanza kucheza, wote msimame kwa kuhesabu hadi tano. Litatulia lenyewe. Kosa la kawaida ni kukaza mwendo ili umalize haraka, na hapo ndipo linapozidi. Idadi ya watu kwenye kipande kimoja atakuambia mwongozaji. Usibishane naye kwa sababu ya picha ya familia nzima. Hiyo pigieni kwenye jukwaa.

Weka mguu bapa, katikati ya mbao, hatua fupi kuliko za kawaida. Mkono mmoja uteleze juu ya kamba ya pembeni bila kuachia. Mwingine ushike mbele. Usizing'ang'anie kamba zote mbili kwa nguvu, kwani mwili ukikakamaa unahamisha kila mtikisiko hadi kichwani.

Mwenye hofu ya kimo atangulizwe wa pili, mara tu nyuma ya mwongozaji, asiwe wa mwisho. Wa mwisho hutazama wenzake wote wakiyumba kabla ya zamu yake, na hofu inaiva. Macho yaelekee kwenye kigogo cha jukwaa linalofuata, kwenye kimo cha uso. Kufumba macho kunaharibu kabisa, kwa sababu mwili unapima usawa kwa macho pia, na gizani kuyumba kidogo kunahisiwa kama kuanguka. Magoti yakianza kutetemeka katikati, yakunje kidogo, pumua nje polepole kuliko unavyovuta ndani, kisha endelea mpaka jukwaani ndipo upumzike. Vipande vya mwanzo ni vya chini. Anayeona hawezi aseme hapo, si kule mita 18.

Mtoto wa kubebwa, ulizia kwanza kama anaruhusiwa. Akiruhusiwa, mbeleko ifungwe mgongoni kwa mafundo mawili, si begani. Watoto wa shule watembee katikati ya watu wazima wawili, na mchezo wa kurukaruka ukatazwe chini kabla ya kupanda. Ukishaukatazia juu, umechelewa.

Cha kutazama, kimo kwa kimo

Watu huvuka jukwaa kwa jukwaa kama wanafukuzwa. Majukwaa ndiyo yenye msitu. Simama dakika tano kila moja, kimya, na utapata mara tatu ya anachokipata anayepita.

Chini, kabla hujapanda, sikiliza maji na tazama mizizi mipana. Katikati ya kimo angalia vigogo vya mikuyu: tunda lake halining'inii kwenye vijiti vya mwisho kama embe, linaota moja kwa moja kwenye kigogo na matawi manene, mafungu kwa mafungu. Mkuyu ulioiva ni hoteli. Kima huja asubuhi, wakichuma kwa mkono mmoja na kutupa nusu ya walichochuma, na chini pongo anaokota makombo. Juu kabisa utasikia kabla ya kuona: hondohondo anaporuka, mbawa zake zinavuma kama mtu anayepepea ungo mkubwa. Jike lake huzibiwa ndani ya tundu la mti kwa udongo, unabaki mwanya mwembamba tu, na dume humpitishia matunda hapo mpaka makinda yakue. Ukiona hondohondo anarudi kwenye kigogo kilekile mara mbili, mwoneshe mwongozaji. Huenda mmepata kiota.

Darubini moja kwa watu wanne inatosha. Izoee ukiwa chini. Kuanza kuzungusha vioo ukiwa juu ya nyaya ni kujitafutia kizunguzungu.

Usiku na tochi yako

Usitembee nje ya uzio wa mahali ulipolala. Nyati na tembo hutoka hifadhini usiku. Safari za usiku za gari ndani ya hifadhi zipo kwa mpango maalumu na mwongozaji, lakini hata uwanja wenye migunga mikubwa ndani ya uzio unatosha kuona komba.

Siri iko kwenye jinsi ya kushika tochi. Usiishike kiunoni. Iweke kwenye paji la uso au ubavuni mwa jicho, mwanga uende sambamba na unakotazama. Nyuma ya jicho la mnyama wa usiku kuna utando unaorudisha mwanga palepale ulikotoka. Tochi ikiwa kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni na wewe huoni kitu. Pitisha mwanga polepole juu ya matawi. Macho mawili ya rangi ya chungwa, yaliyokaribiana, yanayotoweka na kuibuka mti wa pili kwa mruko mmoja, ni komba. Huja kulamba utomvu wa migunga. Ukishampata, funika tochi kwa karatasi ya nailoni nyekundu tabaka mbili iliyokazwa kwa mpira, atatulia na kuendelea na shughuli zake. Vinukta vya kijani vilivyotapakaa kwenye majani mafupi ni macho ya buibui. Macho makubwa yaliyoachana, chini, yasiyohama: rudi ndani, mwite mlinzi.

Ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia nayo ibebe. Imulike kwenye magome na kandokando ya mawe: nge huwaka rangi ya kijani ya kung'aa, kama kipande cha plastiki. Ni mandhari, na pia ni njia bora ya kukagua sakafu ya hema na ndani ya viatu kabla ya kulala. Ukirudi Dodoma itakufaa zaidi, kwa kuwa nge tunao.

Chagua siku za mwanzo au za mwisho za mwezi mwandamo. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mng'ao wa macho unapotea.

Na kama moyo wako bado uko kwenye miti yenye taa, zifunge nyumbani. Mkwaju mmoja, nyuzi za taa za sola zenye mwanga wa njano, zikielekea chini, zimefungwa kwa ukanda mpana unaolegezwa kila mwaka ili usiukabe mti. Usipigilie misumari. Taa nyeupe kali huvuta wadudu zaidi, na mvua za Desemba zikianza, kumbikumbi watajaa mpaka kwenye chai.

Kurudi

Teremka darajani, zunguka hifadhini kidogo kama gari lipo, na uwe umeondoka Mto wa Mbu kabla ya saa 5 asubuhi. Hapo unapita kona za Bereko na Kolo mchana kweupe na kuingia Dodoma magharibi. Ukiondoka saa 9, kona hizo utazikuta gizani pamoja na malori yasiyo na taa za nyuma.

Kabla ya kupanda gari, jikagueni kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele za watoto. Aliyekwisha kung'ata mvute kwa kibano karibu kabisa na ngozi, wima, polepole, bila kumpaka mafuta ya taa, kwani akibanwa pumzi hutapika ndani ya kidonda. Kisha simama barabarani mjini ununue ndizi nyekundu za Mto wa Mbu, fungu lenye ngozi iliyoanza kuwa na madoa kwa kula njiani na lenye ngozi ngumu kwa kufikisha nyumbani. Ulipokuwa unaingia hifadhini zingekuwa mali ya nyani.